Msimu Ambao Ernesta Hakuchimba

Watu wa Mamba, huko Upareni, wakitaka kujua kama wakati wa kuchimba tangawizi umefika, hawaulizi redio wala hawapigi simu kwa madalali wa Same. Wanapita njia ya juu, ile inayopinda karibu na ndiva, bwawa la kukusanyia maji ya mfereji, na kutoka hapo wanachungulia shamba la Ernesta. Wakimwona ameinama na jembe, wanarudi nyumbani kuchukua majembe yao. Wakikuta majani yamenyauka na udongo haujaguswa, wanajua wasubiri. Tangawizi ina uungwana huo: ikikomaa inaweza kukaa ardhini muda mrefu ikimngoja mwenyewe, mradi mvua isiikute humo.

Hakuna aliyempa Ernesta cheo hicho. Alikipata kwa sababu msimu mmoja, wenzake wote walipokimbilia kuuza, yeye alitulia, na bei ikapanda. Msimu uliofuata akachimba mapema, wakamcheka, na bei ikaanguka hadi wakanyamaza. Tangu hapo hata wale wenye viburi vyao walionekana wakipita njia ya juu bila shughuli yoyote ya kuwapeleka huko.

Basi mwaka huu tunaousema majani yalinyauka, yakalala, yakawa na rangi ya gunia kuukuu, na shamba la Ernesta likabaki vilevile. Watu walitazamana, wakaridhika. "Mama Agatha anasubiri bei," wakaambiana. Wakaacha tangawizi yao ardhini.

Ernesta hakuwa anasubiri chochote. Alikuwa kitandani mchana kweupe, uso ameuelekeza ukutani, na hilo shamba hata hakulikumbuka.

Lazima umjue alivyokuwa kabla, la sivyo hutaona ajabu yake. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa, mwenye umri wa hamsini na kidogo, ambaye ukimwuliza njia anakusindikiza hadi mlangoni, na njiani anakueleza ndoa za wote mnaopita kwao. Kwenye jumuiya, wanapokusanyika kusali nyumba kwa nyumba, yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, na alizianzisha juu mno, wengine wakabaki wanahangaika kumfuata huku wakitokwa na mishipa ya shingo. Shambani alivunja kidole cha tangawizi, akakinusa, akakitafuna, akakwambia kama maji yalikosekana mwezi fulani. Bintiye, Agatha, aliolewa Moshi, na kila akipiga simu alianza kwa kuiweka mbali kidogo na sikio.

Halafu ugonjwa ukaingia, tena bila kubisha hodi. Hakukuwa na msiba. Hakuibiwa, hakuachwa, hakugombana na mtu. Hilo ndilo lililomchanganya kuliko yote, maana huzuni isiyo na sababu alikuwa hajaisikia hata kwenye habari za watu.

Kwanza usingizi ulimkimbia. Anaamka kabla ya jogoo, hana la kufanya, amekodoa macho tu. Kisha chakula kikapoteza ladha, akawa anatafuna makande kwa sababu yako mdomoni na mtu hawezi kuyatema mbele ya mumewe. Mgongo ukauma, kichwa kikauma, miguu ikawa mizito, kutoka kitandani hadi jikoni akaona kama anapanda mlima. Siku moja mpini wa sufuria ukakatika, akakaa chini akalia, akalia kwelikweli, kwa ajili ya mpini. Kwenye jumuiya akawa anakaa nyuma karibu na mlango, na nyimbo zikaanzishwa na mtu mwingine, kwa kadiri ya sauti za binadamu. Wengine, Mungu awasamehe, walifurahi.

Alijikaza kisabuni. Kwa Mpare uvivu ni aibu kuliko ulevi, na Ernesta alijihukumu kwamba amekuwa mvivu uzeeni. Kila asubuhi alijitukana, na matusi hayakumnyanyua. Alipima malaria, hakuna. Zahanati ilimpa vidonge vya mgongo, duka la dawa vya tumbo, akavimeza vyote kwa utiifu. Na chini ya hayo yote palikuwa na wazo moja ambalo halikupiga kelele. Lilikuja taratibu na kumwambia kwamba nyumba hii ingepumua vizuri zaidi kama yeye asingekuwepo. Hakumwambia mtu.

Paschal, mumewe, alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache kiasi kwamba wageni walidhani ni kiziwi. Alimwona mkewe amegeukia ukuta, akaenda kwenye banda lake la kazi akatengeneza stuli. Wiki iliyofuata akatengeneza nyingine. Kisha rafu ya vyombo, kisha mlango mpya wa jiko ingawa ule wa zamani haukuwa na kosa. Ernesta hakuuliza, naye hakueleza. Nyumba ikajaa stuli.

Sasa akaja Jenifer. Jenifer alikuwa jirani wa mpaka mmoja, mdogo kwa Ernesta, mwenye haraka ya kila kitu. Alipiga hodi, akaingia, akapita katikati ya stuli, akamkuta mwenyeji wake amelala.

"Shikamoo, Mama Agatha. Umelala saa hizi?"

"Marahaba. Mgongo."

"Pole sana." Akakaa. Akavumilia kidogo kwa heshima ya mgongo, kisha uvumilivu ukamwishia. "Haya tuambie bwana, bei imefika wapi?"

"Sijui, Jenifer."

"Hujui."

"Sijui kweli."

"Nimekuelewa, mama yangu. Hujui." Akafumba jicho moja, akaondoka akiwa amefurahi. Njiani aliwatangazia wenzake kwamba Ernesta amefunga mdomo, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona amefunga mdomo, hiyo bei inayokuja lazima ni ya kutisha. Hata waliokuwa wameshaanza kuchimba wakarudisha udongo.

Hivyo ndivyo mtu mwerevu alivyoweza kuangamia mbele ya macho ya kijiji kizima, kwa sababu kijiji kiliamini kwamba mtu mwerevu daima anajua anachofanya. Wangemwona mwanamke mwingine yeyote ameacha mazao yake ardhini hivyo, wangekuja na uji. Kwa Ernesta walikuja na maswali ya bei.

Mawingu ya vuli yakaanza kukaa juu ya mlima Shengena asubuhi na kuchelewa kuondoka. Jenifer akarudi, na safari hii hakufumba jicho.

"Mama Agatha, mimi naogopa. Mvua ikitukuta, yote itaoza. Njia ya juu nzima wameacha kwa ajili yako. Mimi nimeacha. Hata wajane wameacha. Tuambie basi tusubiri hadi lini."

Ernesta alimsikiliza hadi mwisho. Ndipo alipolielewa jambo zima, kwamba watu wamelitazama godoro lake wakaliona soko. Na alipolielewa, akangoja kile kilichokuwa kikimjia siku zote: kuruka kitandani, kupiga makofi, kutukana kidogo, kutoka mbio akipiga kelele chimbeni, chimbeni. Akangoja. Hakikuja. Jenifer alikuwa amesimama pale karibu kulia, tangawizi ya watu wote iko karibu kuoza, na yeye moyoni hasikii kitu, kama vile anasimuliwa habari za nchi ya mbali.

Hapo akaogopa. Ilikuwa hofu ndogo, lakini ilikuwa hisia ya kwanza kupita ndani yake kwa muda mrefu, naye akaishikilia. Uvivu anaujua, mvivu huona haya. Uchovu anaujua, mchovu akipumzika anaamka. Hii ya kumtazama jirani anayekaribia kulia na kutojali, hii si tabia yake, wala si uzee. Hii ni maradhi.

"Nenda nyumbani," akamwambia Jenifer. "Nitawaambia. Nipe nafasi kidogo."

Akajifunga kanga. Kuifunga tu kulimchukua muda. Paschal alimwona anapita mbele ya banda, akaacha randa juu ya ubao.

"Unakwenda wapi?"

"Zahanati."

"Mgongo?"

"Sidhani kama ni mgongo," Ernesta akasema, akaendelea kutembea kabla miguu haijabadili mawazo.

Muuguzi wa zahanati aliitwa Aneth, binti mtulivu ambaye Ernesta mwenyewe alikuwa amemtania mara nyingi kwamba achangamke. Aneth alimwamkia shikamoo, akafungua droo ya vidonge vya mgongo, kwa kuwa mgongo ndio uliokuwa umemleta mara zote.

"Mwanangu, funga hiyo droo," Ernesta akasema. "Nimekuja kukwambia kitu na nikichelewa sitakisema. Siwajali tena watu. Sijali kitu. Sili, silali, nalia kwa sababu ya sufuria. Shamba limenishinda hata kulitazama. Sijui kilichonipata."

Aneth alifunga droo, akasogeza kiti chake. Akamwuliza imeanza lini, akamwuliza juu ya usingizi, juu ya chakula, juu ya yale yaliyokuwa yakimfurahisha. Aliuliza pole pole, akangoja majibu bila kuyamalizia. Kisha akauliza lile lingine. "Mama, umewahi kufikiri ni heri usingekuwepo?"

Ernesta alitazama sakafu. Angeweza kusema hapana, neno dogo, na mambo yangeishia hapo kwa amani. Wengi wamelisema.

"Ndiyo," akasema. "Mara nyingi."

Aneth hakushtuka, na kutoshtuka kwake Ernesta alikukumbuka kwa shukrani maisha yake yote. Alimwambia kwamba huo ni ugonjwa na unaitwa sonona, kwamba unampata mtu yeyote, mwenye sababu na asiye na sababu, na kwamba unatibika. Hospitali ya Same kuna daktari wa mambo hayo, na yeye mwenyewe atampigia simu kumweleza kwamba Ernesta anakuja. Akamsihi mpaka siku ya kwenda asikae peke yake, na mumewe ajue kila kitu leo hii.

"Mimi si kichaa," Ernesta akasema.

"Sijasema hivyo, mama. Kichwa nacho ni sehemu ya mwili. Kinaugua."

Paschal aliambiwa jikoni, mkewe akiwa amekaa juu ya stuli mojawapo. Ernesta alisema yote, hata lile wazo. Seremala alisikiliza, mikono ameiweka juu ya magoti.

"Nilidhani nimekukosea," akasema. "Nilitafuta kosa sikuliona, nikaona nikutengenezee vitu."

Ernesta alitazama stuli zilizoizunguka meza, akaelewa kwamba kila moja ilikuwa ombi la msamaha. Hakuweza kucheka, kicheko hakikuwepo bado, ila aliunyoosha mkono akamshika. Wakakubaliana waende Same Jumatatu.

Lakini kabla ya Jumatatu kulikuwa na Jumamosi, na Jumamosi ilikuwa siku ya msaragambo. Kila nyumba hutoa mtu kwa kazi ya pamoja, na safari hii ilikuwa kuzibua mfereji na kusafisha ndiva kabla ya mvua. Paschal alisema ataenda yeye, mkewe apumzike. Ernesta akakataa. Alisema ameahidi kuwaambia watu, na kwamba akilala leo hataamka kesho.

Walipomwona anakuja taratibu na fimbo, na Paschal nyuma yake, watu waliegemea majembe yao wakachangamka. Mbele alikuwepo mzee Zebedayo, bingwa wa utani wa kijiji kizima, mwenye mkono wa birika na shamba ambalo siku zote lilikuwa la mwisho kuchimbwa. Misimu miwili iliyopita hata hakulichimba, na watu walisema huyo naye anasubiri bei ya mbinguni.

"Shikamoo, mzee Zebedayo. Wengine habari zenu." Ernesta akavuta pumzi. "Nimekuja kuwaambia mchimbe. Mchimbe leo, msingoje. Mvua iko karibu."

Zebedayo akaangua kicheko. "Mnamsikia? Tuchimbe sote, tuuze bei ya kutupwa, yeye abaki nayo peke yake mwezi ujao! Mama Agatha, wewe ni hatari."

Wote wakacheka. Walicheka kwa kumpenda, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Ernesta alisimama katikati ya kicheko hicho, jasho linamtoka, anatamani kitanda chake kuliko pepo. Alikuwa ameshatimiza ahadi. Angeweza kugeuka akarudi nyumbani, akasema niliwaambia hawakusikia, na hakuna mtu ambaye angemlaumu. Siri yake ingebaki kwa watu watatu.

Akaipiga ile fimbo chini.

"Sisubiri bei," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kilipoanza sauti yake ikafika upande wa pili wa ndiva. "Sijui bei. Sijaiuliza. Sijachimba kwa sababu siwezi kutoka kitandani. Ninaumwa sonona. Ni ugonjwa, unaingia kichwani, unaondoa usingizi, unaondoa njaa, unaondoa hata mapenzi. Nyinyi mlikuwa mnapita kunichungulia nikiwa nimelala mle ndani nafikiri ni heri nife. Jumatatu naenda hospitali Same. Sasa mnaotaka kucheka chekeni, lakini mkimaliza, mkachimbe."

Hakuna aliyecheka. Jenifer aliweka mikono kichwani, akarudia pole pole yale aliyoyaona mle chumbani, mgongo, ukuta, sijui kweli, kisha akaenda akamkumbatia Ernesta na matope yake yote. Zebedayo aliinama akaendelea kuzibua mfereji peke yake, bila neno, na watu wakadhani ameona haya.

Huo ndio ushujaa wa Ernesta, na kama kuna mkubwa zaidi huko Upareni haujasimuliwa bado. Kupanda mlima na gunia mgongoni wengi wanaweza. Kusimama mbele ya watu wanaokusifu kwa werevu na kuwaambia kwamba ule haukuwa werevu, ulikuwa ugonjwa, tena ule ugonjwa ambao watu huutaja kwa kunong'ona, hilo alilifanya yeye, siku ambayo hata kujifunga kanga kulikuwa kazi.

Watu wakachimba. Mvua iliwakuta wengi wameshamaliza. Shamba la Ernesta Jenifer alilianza na wanawake wa jumuiya, matuta ya juu wakayaokoa, ya chini yakaoza, ndivyo ilivyokuwa. Huko Same daktari hakumdanganya. Alimwambia dawa hizi haziharakishi, kwamba wiki za kwanza ataona kama anameza unga, asiziache, na arudi kila mara wazungumze. Ernesta alirudi kila mara. Kulikuwa na siku alizoshuka akiwa na nafuu na siku alizoshuka akilia, Paschal kando yake amebeba mkoba wa mkewe kifuani bila kujali macho ya wanaume wa stendi. Ladha ya chumvi ilirudi kwanza. Usingizi ukafuata. Kicheko kilichelewa, kikaja asubuhi moja bila taarifa, alipojikwaa kwenye stuli akamwuliza mumewe kama anafungua ukumbi wa harusi. Paschal alitoka nje akajifanya anatafuta nyundo, ili alie.

Msimu uliofuata majani yalinyauka kama kawaida, na Ernesta akaingia shambani na jembe. Njia ya juu ikajaa wapita njia. Wengi wao walimpungia mkono, wakamwuliza amelalaje, wakasubiri jibu, kisha wakaenda kuchukua majembe yao.

Mzee Zebedayo alibaki. Alisimama ukingoni mwa shamba, kofia mkononi, muda mrefu mno kwa mtu aliyekuja kutazama tangawizi.

"Shikamoo, mzee. Nimeanza kuchimba, kachimbe na wewe."

"Marahaba." Hakuondoka. Alitafuta utani wake wa kila siku, ikaonekana wazi usoni kwamba anautafuta na haupo. "Mama Agatha, ule mwaka ulisema unaondoa usingizi."

"Nilisema."

"Na njaa."

"Na njaa."

"Na huyo daktari," mzee akasema, akiitazama kofia, "anapokea na wazee?"

Ernesta alimtazama. Akalikumbuka lile shamba la Zebedayo lililokaa misimu miwili bila kuchimbwa, na utani wote ule uliowachekesha watu, na jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akipita njia ile akisema kwamba mzee anasubiri bei. Jembe likamtoka mkononi.

"Anapokea," akasema. Akajifuta udongo, akamshika mzee mkono kama anavyoshikwa mgeni, akaanza kupanda naye kuelekea nyumbani. "Njoo kwanza ukae. Viti tunavyo."